Maswali na majibu: kizazi kushuka, na hao wanaowauzia shabu

Inboksi imejaa toka niguse habari ya kizazi kushuka, na nusu ya meseji ni picha. Jamani! Picha za siri zenu msimtumie mtu msiyemjua hata akijiita nesi mara tatu, na kwa picha mi siwezi kukwambia kitu, maana hali hii inapimwa ukiwa unasukuma kama unaenda haja, wakati mwingine umesimamishwa kabisa. Yanayofanana nimeyaunganisha. Matusi nimeyaacha huko huko.

Nina miaka 43, watoto watano. Nikichuchumaa kufua nasikia kitu kinashuka ukeni, jioni ndo kinazidi, asubuhi nikiamka hakipo. Naogopa ni kansa. (Mama wa watano, Kigoma)

Kitu kinachokuja jioni na kupotea ukilala, mara nyingi sio kansa mama, ni viungo vimeshuka. Chini ya nyonga kuna misuli na nyuzi zinazoshikilia kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho, we fikiria kitanda cha kamba. Sasa uzae mara nyingi, uchungu ukae masaa na masaa, mtoto awe mkubwa, uje kikohozi kisichoisha, choo kigumu cha kila siku, ndoo kichwani, uzito nao uongezeke, alafu hedhi ikikaribia kukoma homoni zipungue, hizo kamba zinalegea na kilicho juu yake kinabonyea kuja chini.

Na sio lazima kiwe kizazi. Wengi mnaosema kizazi kimeshuka mkipimwa inaonekana ni kibofu kimesukuma ukuta wa mbele wa uke, au utumbo umesukuma ukuta wa nyuma, ndo maana kuna mwanamke hawezi kumaliza choo mpaka asukume kwa kidole na hajawahi kumwambia mtu yeyote, hata dada yake. Aliyetolewa kizazi naye inaweza kumtokea, sehemu ya juu ya uke inashuka. Tiba inategemea ni kipi na kimefika wapi, kwahiyo nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, kliniki ya magonjwa ya wanawake. Na ukifika usianze kuzunguka zunguka na "kiuno kinaniuma" au "nina UTI", utapewa antibayotiki urudi nyumbani na kitu chako kile kile. Sema: kuna kitu kinatoka ukeni, naomba kupimwa.

Ila ukiona damu wakati hedhi ilishakoma, au damu baada ya tendo, au uchafu wenye harufu, usijipe moyo kwa niliyoandika hapo juu. Omba wakupime na mlango wa kizazi, mapema.

Dawa gani inarudisha kizazi juu? (wengi mno)

Hakuna. Sio ya kunywa, sio ya kuweka, sio ya kupaka. Na mwezi ujao mtauliza tena.

Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna dada anauza shabu na majani ya kujifukiza, anasema kizazi kinapanda ndani ya siku 7, na watu wanatoa ushuhuda. Ninunue? (Binti, Mbagala)

Usinunue. Shabu, lile jiwe jeupe, inakausha na kukunja ngozi ya juu kwa muda, huo ukavu ndo mnaouita kubana. Misuli iliyolegea iko ndani, mvuke wa beseni hauifikii, unachofikia ni ngozi laini ambayo inaungua, na wapo waliokuja kliniki na malengelenge sehemu ambayo hata kukaa huwezi. Kinyama kikiwa kimetokeza nje ndo hatari zaidi, kinachubuka chenyewe kwa kusuguana na nguo, wewe unakiongezea shabu, chumvi, na wengine sijui mafuta gani, kinakuwa kidonda.

Hao wa ushuhuda siwaiti waongo wote. Ukiambiwa ujifukize siku 7 unakaa ndani, hubebi ndoo, huchanji kuni, mchana unalala, sasa hata bila shabu ungejisikia nafuu si ndio? Siku ya 8 unarudi kisimani na kitu kinarudi, ila huyo dada hawezi kuweka stetasi ya siku ya 8.

Na niseme hili japo hujaniuliza. Biashara yote hii imejengwa juu ya wanawake kutishwa kwamba wamelegea na mume atakimbia. Mkaja baada ya kuzaa sina ugomvi nao ukifungwa kiasi, ila ule wa kufungwa mpaka pumzi zinakata, ile presha ya tumbo inaenda wapi? Inaenda chini, ambako misuli ndo imetoka kuchanika juzi.

Nafanya Kegel (yale mazoezi ya kubana misuli ya chini ya nyonga), nabana nikiwa nakojoa, huu mwezi wa kwanza sioni tofauti. Niache? (Teacher, Iringa)

Acha kubana ukiwa unakojoa, mazoezi uendelee. Kukata mkojo katikati ni ya kujaribia mara moja tu uitambue misuli yenyewe, ukifanya kila siku unakizoesha kibofu kubakiza mkojo, na mkojo ukibaki ndo hizo UTI zisizoisha. Ikaze kama unazuia ushuzi mbele za wakwe, yaani unavuta ndani na juu, tumbo na makalio yametulia, unapumua kawaida. Ukikuta umekata pumzi na mishipa ya shingo imetoka basi unasukuma chini na sio kuvuta juu, unajiharibia. Shika sekunde chache, achia kabisa (kuachia ni nusu ya zoezi na hakuna anayekumbuka), rudia angalau mara 8, mara 3 kwa siku. Ukianza umelala ni rahisi zaidi.

Mwezi mmoja ni mdogo. Miongozo ya Uingereza inasema angalau wiki 16 chini ya mtaalamu, na ni kwa wale wa hatua ya kwanza na ya pili (hatua ziko nne, ya pili kimefika karibu na mlango wa uke, ya nne kimetoka nje chote). Daktari wa Marekani Arnold Kegel aliyaandika haya mazoezi mwaka 1948, na utafiti mkubwa uliotoka 2014, uliofanywa Uingereza, New Zealand na Australia, uliona waliofundishwa mmoja mmoja dalili zilipungua kuliko waliopewa kikaratasi tu. Kwahiyo uliza hospitali kama kuna mtu wa fiziotherapia, wengi wetu tunawafahamu kwa ajili ya waliovunjika miguu tu. Kama kimeshatoka nje kabisa mazoezi peke yake hayatakirudisha, nisikudanganye.

Mke wangu kizazi kimeshuka baada ya mtoto wa nne. Tendo hataki, shambani haendi, mama yangu anasema nimrudishe kwao nioe mwingine. Nifanyeje? (Baba J., Tanga)

Kwanza niambie, maji kwenu anachota nani? Kuni anabeba nani?

Kuna utafiti ulifanyika vijijini Kilimanjaro ukachapishwa 2018, wanawake walipimwa mmoja mmoja, zaidi ya nusu walikuwa wameshuka kwa hatua ya pili au zaidi. Ni kweli waliotokeza nje sana walikuwa wachache, lakini zaidi ya nusu ya wanawake wa kijiji, baba! Na waliokuwa kwenye hatari zaidi ni waliozaa mara nyingi, waliozalia nyumbani, wakulima, na wanaobeba mizigo mizito masaa 5 na zaidi. Sasa hao watoto wanne ni wa kwako na hilo shamba ni la kwako, alafu mwili umechoka kwa kazi hizo hizo ndo arudishwe kwao kama kitu kibovu cha dukani?

Tendo halimdhuru, kama haumii na hana kidonda hakuna daktari atakayewakataza, ila hataki kwasababu anaona aibu au anaogopa utaona, na maneno ya ukweni anayasikia. Nenda naye kliniki, ingia naye ndani ukaelezwe. Nunua mkokoteni au dumu ubebe mwenyewe. Mama yako mheshimu, shikamoo kila asubuhi, ila mkeo ni mgonjwa wako wewe. Na ukitaka umuulize mama taratibu, au amuulize shangazi yako kwa niaba, yeye mwenyewe vipi huko. Utashangaa.

Niliwekewa pete mwaka juzi, sisikii shida yoyote kwahiyo sijarudi. Ni sawa? (Mama Asha, Zanzibar)

Sio sawa, rudi wiki hii. Pete, hiyo inayowekwa ukeni kushikilia kilichoshuka, ni nzuri sana, naipenda kuliko mnavyoipenda nyie, haihitaji kisu, ya silikoni unaoga nayo na hata tendo unaweza kufanya ikiwa ndani, na ukifundishwa unaitoa na kuiosha mwenyewe. Ila ikisahaulika inachimba ukuta wa uke mpaka kidonda, na kwa waliokaa nayo miaka bila kuangaliwa imetoboa mpaka kwenye kibofu au utumbo. Kama huitoi mwenyewe, uangaliwe kila miezi 3 mpaka 6. Kama hedhi ilishakoma waulize na krimu ya homoni ya ukeni, inasaidia ule ukavu usichubuke.

Nataka mtoto mwingine. Nifanyiwe operesheni ya kurekebisha kwanza? Na nikizaa kwa kisu ndo nimepona? (wawili, nimeunganisha)

Kwa kawaida wanasubiri umalize kuzaa, maana ujauzito na leba vinaweza kubomoa kilichoshonwa. Katikati hapo kuna pete na mazoezi. Kuzaa kwa kisu kunapunguza hatari ila hakuifuti, mimba yenyewe miezi 9 imekalia hapo hapo, na kisu kina hatari zake. Na ukiwa leba ukaona mtu anataka kukukandamiza tumbo ili mtoto atoke, kataa, WHO (Shirika la Afya Duniani) walishasema 2018 hiyo haishauriwi. Najua manesi wenzangu wengine watanuna.

Nimesikia nyavu za kushikilia kizazi zimepigwa marufuku Ulaya. Ina maana operesheni zote ni hatari?

Hapana. Zilizozuiwa ni nyavu za plastiki za kupitishia ukeni, England walisitisha Julai 2018, na Marekani Aprili 2019 waliwaamuru watengenezaji waache kuziuza kwa kazi hiyo. Operesheni nyingi za kushuka hushonwa kwa nyama zako mwenyewe. Inaweza kurudi baadae, na hilo uambiwe kabla hujasaini.

Kwanini fistula inatangazwa kila mahali na hii hakuna anayeizungumzia? (Mwanaharakati, Dodoma)

Swali ninalolipenda. Fistula, lile tundu la uzazi linalofanya mkojo au choo kivuje ukeni, ina siku yake ya kimataifa, 23 Mei, ina wafadhili, pale hospitali ya CCBRT Dar inatibiwa bure. Vizuri kabisa, wasiguse hata senti. Lakini mwanamke wa kushuka anaingia mlango ule ule wa hospitali anapewa bili. Kuna shirika la Marekani, APOPS, linaufanya Juni kuwa mwezi wa hili jambo, huku kwetu Juni inapita bila hata bango. Nepal wanasheria watetezi wa haki walienda mahakamani, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ikasema kuachwa na tatizo hili bila huduma ni kuvunja haki ya uzazi, serikali ikaja na mpango wa operesheni za bure. Nyie wanaharakati mna semina kila wiki hotelini, hebu moja iwe ya hili, na muwaite wahudumu wa afya ngazi ya jamii, maana wao ndo wanaoingia majumbani. Swali moja tu la kuongeza kliniki ya baada ya kujifungua: "kuna kitu unasikia kinashuka?" Halihitaji mfadhili.

Bibi yetu ana miaka 78, kimetoka nje chote, toka jana mkojo hautoki na tumbo limejaa. Anasema asisumbuliwe, ameshazeeka. (Mjukuu, Singida)

Acha kusoma. Mpeleke sasa hivi awekewe mpira wa mkojo, mkojo ukizibwa unarudi kwenye figo. Njiani mfunikeni hicho kilichotoka kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi, msikilazimishe kuingia kama kimevimba. Uzee sio kizuizi, akishatulia waulizeni kuhusu pete, au operesheni ya kufunga uke kwa wazee wasioshiriki tena tendo, ni fupi na inaweza kufanywa kwa ganzi ya mgongo. Na kama gari la kwenda mjini linaondoka kesho, tafuteni bodaboda mbili, mmoja amshike kwa nyuma, aende leo.