Jibu: Msichana wa India mwenye kazi yake, kwao bado wanatoa mahari?
Ndiyo dada, bado inatolewa. Na kule anayetoa ni upande wa bibi harusi, sio kama huku kwetu. Sheria imeipiga marufuku tangu 1961, lakini hupitishwa kwa jina la zawadi: dhahabu, gari, fenicha za nyumba nzima. Mshahara wa binti hauiondoi. Wako wakwe wanaotaka vyote viwili.

Ila mimi naona mtihani mgumu zaidi ni urithi. Tangu 2005 binti wa Kihindu ana haki sawa na kaka zake katika mali ya ukoo. Huko Rajasthan, jimbo la kaskazini mwa India, wengi husaini kuwaachia kaka sehemu yao, wakihofia ndoa ikivunjika watakosa pa kurudi. Hata waliosoma, wanasaini.