Ukuta Wake, Ua Wangu

SWALI: Fundi, shikamoo. Jirani yangu hapa Kisauni amefunga kamera mbili tangu aibiwe pikipiki. Moja inaangalia lango lake, sina neno. Ya pili iko juu ya ukuta, imeelekea uani kwangu, pale ninapoanika nguo na kuogesha watoto. Siku hizi nikitoka kuanua nguo najitanda leso kama naenda mazikoni. Nimemwambia, akanijibu ukuta ni wake na kamera ni yake. Sheria inasemaje?
Mama Mapacha, Kisauni

JIBU: Marahaba, Mama Mapacha. Ukuta ni wake kweli, ila ua ni wako. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inakupa haki ya faragha, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 picha yako ni data yako. Sheria hiyo haiingilii mambo ya mtu yanayoishia nyumbani kwake, ndiyo maana kamera ya langoni haina kesi. Ikishavuka ukuta, kwa maoni yangu, hayo si ya nyumbani kwake tena. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliona hivyo hivyo kuhusu bwana mmoja wa Czech, ambaye kamera yake ilichukua barabara na mlango wa nyumba ya mkabala. Majaji wetu hawafungwi na hukumu hiyo, lakini hoja ni ile ile.

Kwanza mwombe akuonyeshe kwenye simu kamera inaona nini hasa. Mimi yalishanikuta. Nilimfungia mteja wa Changamwe kamera ya lenzi ya milimita 2.8, inayokumba upana mkubwa, nikalipwa nikaenda zangu. Wiki ya pili akanipigia: mkewe kafungua simu, kwenye kona ya picha kamwona mama wa jirani na kanga moja, anachota maji. Nilirudi kwa aibu. Dawa yake haikumaliza robo saa: unaingia kwenye mipangilio, unachora kiboksi cheusi juu ya eneo lisilokuhusu, na hapo hapaonekani wala hapatarekodiwa. Mafundi tunajua, ila wengi hatufanyi mpaka tuulizwe. Uliza pia kama ina maiki. Maneno ya uani nayo yana wenyewe.

Akikataa, mpitie mzee wa mtaa. Akizidi kukataa, ipige picha kamera hiyo ukiwa uani kwako, andika tarehe, upeleke malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inampa siku 90 kuyamaliza.

SWALI: Nina duka la vipodozi Mtwapa, wafanyakazi wawili, kamera moja. Juzi imenasa msichana akitia krimu mkobani. Naweza kumrusha kwenye grupu la wasapu la wafanyabiashara?
Muuza Vipodozi

JIBU: Usithubutu, ndugu yangu. Peleka video polisi, uchukue namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituoni. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na huyo alikwenda kustarehe tu.

Na usijitetee kwamba duka ni dogo. Wenye mapato chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 husamehewa kujisajili kwa Kamishna, lakini kamera za ulinzi zimetajwa kati ya shughuli zisizosamehewa. Kwa duka kama lako ada ni shilingi 4,000, cheti cha miaka miwili. Halafu bandika tangazo la kamera mlangoni, kwa Kiswahili, si nyuma ya friji ya soda.