Mama Mwalimu Anajibu: Darwin, kitabu cha Mwanzo na ukurasa mtupu

Barua nyingi za mwezi huu zimekuja juu ya jambo moja, na zote zimetoka hapahapa Bukavu. Nimezifupisha. Majina nimeyaacha, kama kawaida.

*Jambo Mama Mwalimu. Binti yangu anamaliza humanite, biolojia-kemia, kwenye shule ya kanisa letu. Juzi nilifungua daftari lake nikakuta kichwa “Mageuko ya viumbe” kimeandikwa kwa biki nyekundu, chini yake ukurasa mtupu, halafu linaanza somo lingine. Nilipouliza, mwalimu alisema sura hiyo inaleta fujo na wazazi, kwa hiyo ameiruka. Komite ya wazazi imegawanyika. Mchungaji wetu ameleta njia ya kati: saa moja ya Darwin, saa moja ya kitabu cha Mwanzo, humohumo katika biolojia, na mtoto achague mwenyewe. Anasema ndivyo sheria inavyotaka kule Marekani. Mimi ni muumini, na hiyo nimeiona ni haki. Unasemaje? – Papa mmoja, Bagira*

Papa, tuanze na huo ukurasa mtupu, maana ndio wenye haraka. Binti yako ni finalisti. Maswali ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, hayatungwi Bagira, na anayesahihisha hana habari kwamba komite yenu iligombana. Shule ni ya kanisa, sikatai. Mobutu alizichukua shule mwaka 1974, kisha mwaka 1977 Serikali ikafanya mkataba na makanisa na kuwarudishia usimamizi. Lakini programu ilibaki ya taifa, mkaguzi ni wa taifa, diploma ni ya taifa. Mwalimu aliyeiruka sura ile hakuwakinga watoto na fujo yoyote. Amejikinga yeye, na watoto ndio watakaolipa kwa pointi.

Sasa Marekani. Mchungaji amesikia nusu ya habari, tena ile nusu iliyokwisha kuanguka mahakamani. Mwaka 1925 jimbo la Tennessee lilikataza shule za umma kufundisha kwamba mtu ametokana na wanyama. Mwezi wa saba mwaka huohuo, katika mji mdogo wa Dayton, mwalimu kijana John Scopes alihukumiwa kulipa faini ya dola 100. Hukumu ile ilikuja kutenguliwa kwa sababu ya kosa la utaratibu, lakini sheria yenyewe ilidumu hadi 1967. Mwaka uliofuata, Mahakama Kuu ya nchi ikafuta katazo kama hilo la jimbo la Arkansas. Ilipoonekana kwamba Darwin hawezi tena kufukuzwa darasani, ndipo ikaja hoja hii ya mchungaji wenu, ya kugawana saa. Jimbo la Louisiana liliitungia sheria mwaka 1981: ukifundisha mageuko, lazima ufundishe na “sayansi ya uumbaji”. Mahakama Kuu iliitupa sheria hiyo mwaka 1987, majaji saba kwa wawili.

Hawakukoma. Mwaka 2004, huko Dover, Pennsylvania, halmashauri ya shule iliamuru wanafunzi wasomewe tangazo kwamba nadharia ya Darwin ina mapengo, na kwamba kuna maelezo mengine yanayosema viumbe vimesanifiwa na mwenye akili. Walimu wa sayansi walikataa kulisoma, wakubwa wa shule wakaingia madarasani kulisoma wao. Wazazi kumi na mmoja wakaenda mahakamani. Jaji John Jones, mtu aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, alisema Desemba 2005 kwamba usanifu huo ni dini na si sayansi. Shule zikabaki na gharama za kesi, zaidi kidogo ya dola milioni moja. Wewe unayelipa minervali, yaani karo ya shule, kila tremesta piga hesabu hizo ni paa ngapi, maabara ngapi.

Kwa nini wanagombana hivyo? Kwa sababu katiba yao inakataza serikali kusimamisha dini, na shule ya umma kule haina saa ya kuhubiri. Aliyetaka Mwanzo ufundishwe shuleni kama ukweli hakuwa na mlango mwingine isipokuwa biolojia. Sisi hatuna shida hiyo! Katiba yetu ya 2006 inasema nchi ni laiki, yaani haina dini ya serikali, tangu ibara ya kwanza, sawa, lakini tazama ratiba ya binti yako: somo la dini limo, lina mwalimu wake, na pointi zake zinaonekana kwenye buletini. Mwanzo haujafukuzwa na mtu. Mnataka kuleta Bukavu dawa ya ugonjwa ambao Bukavu haiumwi.

Na hata mkigawana saa, Mwanzo usomwe kwa namna gani? Darasani mle amekaa Mkatoliki, Mprotestanti, Mkimbangu, Msabato na Mwislamu. Wapo wanaosema siku sita ni siku sita, wapo wanaosema ni nyakati. Mwalimu wa biolojia ndiye awe hakimu wao? Bibi yangu wa Walungu, aliyekuwa akitusimulia habari za Nyamuzinda, Mungu wa wazee wetu, jioni, yeye apewe saa ngapi? Hiyo ya “mtoto achague” ndiyo siielewi kabisa. Kwenye kemia hachagui.

Ila nawageukia na walimu wenzangu kidogo. Wapo wanaoingia na Darwin ili wawacheke watoto wanaosali. Swali la kama Mungu yupo haliko kwenye programu ya biolojia. Mwalimu anayelijibu ubaoni, kwa ndiyo au kwa hapana, amekwisha kutoka nje ya somo lake. Mwanafunzi anatakiwa aeleze nadharia inasema nini, na inasimama juu ya ushahidi gani. Kula kiapo hatakiwi.

Kwa hiyo nendeni kwa prefe, mkuu wa shule. Mwombeni sura ile ifundishwe yote kabla ya mitihani, na mwalimu wa dini apange Mwanzo, sura ya kwanza na ya pili, wiki hiyohiyo. Watoto watauliza maswali pande zote mbili. Waacheni waulize.

*Jambo Mama. Kama mtu alitoka kwa makako, mbona sokwe wanaotunzwa Lwiro hawajageuka watu mpaka leo? Tulimuuliza mwalimu, akakasirika. – Mwanafunzi, Kadutu*

Mwanangu, asikasirike, swali hili linaulizwa na watu wazima wenye diploma. Hakuna kitabu cha biolojia kinachosema umetoka kwa sokwe wa Lwiro. Wewe na mtoto wa shangazi yako mna babu mmoja, na sijasikia mtu akiuliza mbona binamu yako hajageuka wewe. Mtu na sokwe wana mzee wao mmoja, aliyeishi miaka kama milioni sita au saba iliyopita. Hakuwa sokwe wa leo, hakuwa mtu. Ukoo uligawanyika, kila upande ukashika njia yake.

Mfano mzuri uko nchini mwetu, tena haupatikani kwingine. Bonobo, ndugu wa karibu wa sokwe, anaishi Kongo tu, kusini mwa mto Kongo. Sokwe wa kawaida yuko ng'ambo ya pili, na huku kwetu mashariki. Wote wawili hawajui kuogelea. Mto ukawatenga, na leo, baada ya miaka kati ya milioni moja na mbili, bonobo ana uso mweusi tangu kuzaliwa, midomo ya waridi, nywele zilizochanwa katikati kama za karani wa zamani, na wanaotawala kundi ni majike. Kwa sokwe dume ndiye mkubwa. Hakuna aliyemgeuka mwenzake.

Siku ukienda Lwiro na darasa lako, simama mahali unaporuhusiwa uangalie mikono tu, usiangalie vituko vyao. Utaona kucha bapa kama zako, hazina uhusiano na za paka. Ngoja ageuze kiganja: mistari ipo, na kwenye ncha za vidole kuna alama kama ile unayoiacha kwenye karatasi ukitia dole gumba.

Nikuambie na jambo ambalo mwalimu wako labda anaona haya kulisema. Wazee wetu waliitwa makako na Wabelgiji, kazini, barabarani, mbele ya watoto wao. Ndiyo maana babu fulani akisikia somo hili anasimama na kutoka nje, na mimi simlaumu. Lakini soma vizuri: kwa hesabu ya biolojia, yule Mbelgiji aliyetukana ni ndugu wa sokwe kwa umbali uleule kama babu yako, bila hata hatua moja ya tofauti. Na mwaka 1871 Darwin aliandika kwamba yaelekea wazee wa kwanza wa watu wote waliishi Afrika, kwa kuwa sokwe na gorila wako huku. Na Kahuzi, kwenye gorila wetu, hakuwahi kukanyaga.

*Mama Mwalimu, mimi ni kijana, nimeanza kufundisha biolojia mwaka huu. Naogopa sura hii. Nianzie wapi ili wazazi wasinijie juu? – Mwalimu, Panzi*

Usianze na makako. Anza na SS, yaani selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Kila darasa la Bukavu lina mtoto anayemjua mgonjwa wa selimundu: maumivu ya mifupa, kuongezewa damu, kukosa shule kila mara. Chora ubaoni mraba wenye vyumba vinne. A ni chembe ya urithi iliyo nzima, S ni ile ya selimundu, na kila mtu ana mbili. Baba ni AS, juu andika A na S. Mama ni AS, pembeni andika A na S. Waite watoto wajaze wenyewe. Watapata AA mmoja, AS wawili, SS mmoja. Hapo darasa zima litakuwa macho, maana wamesikia wachumba wakiulizwa kanisani kama wamepima damu. (Na wachungaji wanaouliza wanafanya vyema sana.)

Kisha weka swali, ukae kimya. Zamani watoto wengi wa SS walikufa kabla ya kuzaa. Basi hiyo S mbona haijaisha? Kila mmoja wao alipokufa aliondoka na S mbili. Wape muda. Atatokea mmoja ataje laana, mwingine ataje bahati, usimcheke yeyote. Halafu leta mbu. Mtoto wa AS katika bonde la Ruzizi, kule chini kwenye joto, anaumwa na mbu kama wenzake, lakini malaria kali haimwui kwa urahisi kama inavyomwua mwenye AA. Anakua, anaoa, anairithisha S. Daktari Anthony Allison alilionyesha hilo Afrika Mashariki mwaka 1954. Palipo na malaria nyingi S inadumu. Pasipo na mbu haina faida yoyote, imebaki madhara. Mwambie mwanafunzi: uteuzi asilia ndio huo, na umeujaza kwa chaki yako mwenyewe.

Kutoka hapo nenda kwenye Nivakini, ile dawa ya zamani ya malaria. Wazazi wao wanaikumbuka, ule uchungu wake na mwili kuwasha. Ilikuwa inaponya, ikaacha kuponya. Vimelea vilivyoweza kuivumilia ndivyo vilivyobaki na kuzaana, hadi mwaka 2001 nchi ikaiacha kama dawa ya kwanza ya malaria. Kama una dakika kumi zaidi, taja Kamituga, mji wa machimbo hapa Kivu Kusini: virusi vya mpox vilivyoanza kuenea huko mwaka 2023 vilikuwa na mabadiliko ambayo wachunguzi waliyasoma kama alama kwamba vinapita kutoka mtu hadi mtu. Bila kujua mageuko usingeweza kuzisoma alama hizo.

Mzazi akija juu, mwonyeshe ule mraba. Ukifika kwenye asili ya mtu, wiki ya tatu hivi, watakuwa wamekwisha kukuamini.

*Tumsifu Yesu Kristu, Mama. Nimemsaidia mjukuu wangu kukariri somo la Darwin. Je, nimwambie padri kwenye maungamo? – Nyanya, Nguba*

Milele amina, Nyanya. Baba Mtakatifu Pius XII aliruhusu mwaka 1950 wataalamu wachunguze kama mwili wa mtu umetoka kwa viumbe vilivyotangulia, akishikilia kwamba roho yaumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1996 Yohane Paulo II akasema nadharia hiyo imekwisha kuwa zaidi ya dhana. Na mtu aliyetoa hesabu za ulimwengu unaotanuka, mwaka 1927, Georges Lemaître, alikuwa padri wa Ubelgiji aliyesoma misa yake kama kawaida. Kwa hiyo hapo padri wako hana cha kukuondolea. Kama una mengine, hayo ni kati yenu.