Re: Bando la GB 10 linakata kabla muvi ya pili haijaisha kwenye TV

Salama mkuu. Nimekusoma: umewasha hotspoti, ukaunganisha TV, ukafungua Netflix, na GB 10 zimeyeyuka kabla muvi ya pili haijaisha. Hujaibiwa bando. Picha ya HD inakula hadi GB 3 kwa saa, kwa hiyo hesabu inakubali.

Kwanza angalia hili: ile "Save Data" (ya kubana data) uliyoiwasha kwenye app ya Netflix ya simu ni ya simu tu, TV haina habari nayo. Fungua akaunti yako kwenye brauza, ingia kwenye profaili unayoitumia kwenye TV (kila profaili ina mpangilio wake, wengi wanakwama hapa), tafuta "Playback settings", weka Medium. Inashuka hadi kama GB 0.7 kwa saa. Low ni 0.3, ila kwenye inchi 43 sura za watu zinakuwa ukungu mtupu, mie siitaki.

Kisha toka kwenye akaunti pale kwenye TV, uingie upya, maana mabadiliko huwa yanachelewa kushika. Palepale kwenye "Playback settings" zima na ile ya kuendelea yenyewe na episodi inayofuata. Ukisinzia tu, kwisha habari. App za vituo vyetu vya hapa sijazipima.