Jibu: Kuomba nafasi ya utafiti wa kingamwili baada ya uzamivu, ukiwa Kigoma

Mkuu, umesema una PhD na kadi za matone ya damu yaliyokaushwa kutoka Kasulu na Uvinza, unauliza barua ya maombi ianze wapi. Ianze na hizo kadi. Mambo ya "tangu utotoni naipenda sayansi" yaache.

Anayekusoma anataka kujua kama namba zako zinaaminika, basi mwonyeshe hesabu. Kiduara cha milimita 3 kilichotobolewa kwenye kadi hubeba kama maikrolita 1.5 za seramu (maji ya damu yenye kingamwili). Kiloweke usiku kucha kwenye maikrolita 150 za PBS yenye Tween (maji ya chumvi yenye sabuni kidogo), umepata 1:100, yaani seramu sehemu moja kwa mia. Mtoto mwenye upungufu wa damu huivuruga hesabu hiyo, maana tone lake lina seramu nyingi zaidi. Litaje kabla hujaulizwa. Eleza pia ulivyokausha: masika kadi hulala mezani usiku mzima bila kugusana, mbali na jua, ndipo ziingie mfukoni na silika ya kunyonya unyevu. Ikifungwa mbichi huota ukungu, na kingamwili zinaharibika.

Wengi huangukia kwenye kontroli. Watoto wa kijiji kilekile si kontroli hasi, yaani sampuli unazojua hazina kingamwili za malaria. Wa miaka 3 huenda ameshaumwa malaria. Tafuta seramu za watu wasiowahi kuishi penye malaria, kikomo cha kusema mtu ana kingamwili kiwe wastani wao kujumlisha mikengeuko sanifu 3. Kwa watu wazima, kingamwili dhidi ya AMA1 (protini ya kimelea cha malaria) zinaweza kukijaza kabisa kipimo cha ELISA kwenye 1:100: visima vyote vya sahani njano kali, aliyeumwa jana na aliyeumwa mwaka juzi hawatofautiani. Shuka hadi 1:1000 au zaidi, na kila sahani iwe na mkunjo wake (grafu) wa seramu ya kulinganishia.

Ufadhili: angalia Marie Skłodowska-Curie, wa Umoja wa Ulaya kwa watafiti. Ule wa kwenda kufanya utafiti Ulaya hauchagui uraia, ila usiwe umeishi au kufanya kazi nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya 36 iliyopita. Aliyekuwa Kigoma muda wote hapo hana shida. Mwenyeji, yaani msimamizi wa maabara unayotaka kwenda, ndiye anayekubali kwanza, kwa hiyo mwandikie mapema.

Usiahidi kusafirisha kadi kabla ya kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na mkataba wa kuhamisha sampuli. Na soma tena fomu ya ridhaa: kama wanakijiji waliridhia kipimo cha malaria tu, huwezi kupima kingamwili za dengi kwenye damu hiyohiyo mpaka urudi kamati ya maadili.