Uliingia na A tupu au uliponea chupuchupu? Wanaoanza kozi za afya someni hii kabla ya testi ya kwanza

Wadogo zangu wa udaktari, uuguzi, famasi, maabara, kila mwaka mpya ukianza kuna mtu atanifuata pembeni aniulize "kaka mi nimeingia na alama za mwisho mwisho kabisa, nitatoboa kweli?" Na kuna wale ambao hawaulizi kitu, wana A zao, wanaona kazi imeisha. Sasa hawa wa pili ndo wananipa wasiwasi.

Tusidanganyane kwanza, alama za nyuma zina uzito. Katika vitu vyote ambavyo vyuo vinaangalia, hizo ndo zinatabiri matokeo yako vizuri kuliko vingine. Kuna mapitio ya tafiti yalichapishwa Uingereza 2002, yalikuta alama za kabla ya chuo zinaeleza kama 23% ya tofauti ya matokeo kati ya wanafunzi wa udaktari, na wakishahitimu wakaendelea na mafunzo ya juu inashuka hadi 6%. Robo sio kidogo jamani, ila hiyo robo tatu iliyobaki haiko kwenye cheti chako.

Na ukifikiria inaeleweka tu, mwaka wa kwanza ni anatomia, fiziolojia, biokemia, yaani unameza kitabu unatapika kwenye karatasi kama ulivyozoea, ila ukifika wodini hamna karatasi, kuna mtu anaumwa na hajui kujieleza. Halafu mmeshachujwa wote kwa alama hizohizo, mmekaribiana mno, aliyeachwa hayupo darasani tumpime na wewe.

Intavyuu ndo kichekesho sasa. Mwaka 1979 chuo cha udaktari cha University of Texas pale Houston kilikuwa kimeshafanya usaili na kuchagua watu wake, bunge la jimbo likaagiza waongezwe wengine 50, ikabidi warudi kuchukua waliokuwa wamewaacha. Wakafuatiliwa hadi kuhitimu na mwaka wa kwanza wa kazi, hamna tofauti ya maana! Baadaye McMaster kule Kanada wakaja na usaili wa vituo vingi vifupi, kila kituo msaili mwingine, ili mtu mmoja asiyekupenda sura asiamue maisha yako, na huo kidogo unatabiri utakavyofanya kwa wagonjwa. Barua ya kujieleza? Umeshaingia, isahau.

Mi niliingia na alama nzuri tu. Oski yangu ya kwanza (mtihani wa vitendo, unazunguka kituo kwa kituo), kituo cha presha, nikamfunga yule mama kitambaa vizuri kabisa, nikaanza kupampu, mshale haupandi. Napampu, haupandi. Fiziolojia ya presha naijua yote, ningeweza kukuchorea grafu hapohapo, kumbe valvu, kile kiskurubu cha kuachia hewa pale kwenye pampu, sijaifunga. Msimamizi kimya anaandika tu, mama ananiangalia kwa huruma, kengele ikalia. Nikasapu, yaani nikarudia mtihani. Kwenye kundi letu kuna dada aliingia kwa kuponea, biokemia ilimtesa semista nzima, lakini huyo kila jioni alikuwa anatupima presha mmoja mmoja anaandika kwenye kidaftari, mpaka tukawa tunamkimbia. Alipita kile kituo kabla hata muda haujaisha.

Kwahiyo we ulieingia na alama za chini, shida yako itatokea mapema, miezi ya kwanza hiyohiyo, usisubiri sapu ndo umtafute tyuta, testi ya kwanza ikirudi mbaya nenda nayo siku hiyohiyo mkononi, muulize swali gani ulikosa na kwa nini. We wa A, yako itachelewa, itakuja ukiwa umeshazoea kusifiwa, na hapo ndo inauma. Azima mashine ya presha leo jioni, mpime mwenzako wa chumbani. Na kabla hujapampu, angalia valvu.