Benki unayoweza kuifikia kwa miguu

Mwanangu Neema,

Kamwene. Ujumbe wako niliusoma jana usiku nilipotoka kwenye mbao. Umesema umepangiwa hospitali huko Njombe mjini, na utumishi wanataka namba ya akaunti kabla ya tarehe 10. Wenzako wanabishana: mmoja anasema ufungue benki isiyo na makato ya mwezi, mwingine anasema siku hizi simu inatosha. Unauliza mimi ningechagua ipi.

Ningechagua benki yenye tawi hapo hapo mjini, unapoweza kufika kwa miguu ukitoka zamu. Makato ningeyaangalia baada ya hapo.

Ulikuwa sekondari, bwenini, kwa hiyo hukuyaona yaliyonikuta. Akaunti yangu ilikuwa Iringa. Siku moja nikatoa hela kwenye ATM ya benki nyingine hapa Makambako. Salio likakatwa shilingi 400,000, noti hazikutoka. Wenye mashine wakaniambia kwa upole kabisa, mama, nenda benki yako. Nikapiga huduma kwa wateja, nikasikilizishwa muziki mpaka vocha ikaisha. Nikapanda basi kwenda Iringa, nikajaza fomu, nikaambiwa nisubiri. Wiki ya pili nikapanda tena. Hela ilirudi, lakini ilikuwa ya kuwalipa wapasuaji wa mbao, na mmoja wao alikuwa ameshanikimbia. Alikuwa fundi mzuri. Mpaka leo naumia nikimkumbuka, maana hakuwa na kosa, watoto wake walitaka kula.

Njombe si Dar es Salaam. Afisa wa benki utamkuta sokoni Jumamosi anachagua viazi. Ukimwendea Jumatatu na shida yako, anakujua wewe ni nesi wa wapi, na wewe unajua meza yake iko wapi. Hiyo ndiyo faida ya mji mdogo, usiiache.

Wiki hii ni mwisho wa mwezi, itumie. Pita kwenye matawi watumishi wanapochukua mishahara. Tazama foleni, tazama kama ATM ina hela au imeandikwa haifanyi kazi. Kisha nenda kwa wakala aliye karibu na hospitali, umuulize kama huwa ana floti, yaani hela ya kuhudumia wateja, jioni. Wakala asiye na floti ni kibanda tu chenye rangi ya benki.

Huyo anayesifia akaunti isiyo na makato ya mwezi, mwambie aombe karatasi ya ada yote. Mara nyingi kisichokatwa hapa kinakatwa pale: kutoa kwa wakala, kuhamishia kwenye simu, hata kuangalia salio. Wewe utamtumia bibi kila mwezi, kwa hiyo ada ya kuhamisha ndiyo itakayokugusa. Simu ibaki ya matumizi ya wiki.

Sasa hili lisome taratibu. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano ndogo kwa sababu mtaji wao ulikuwa umepungua mno, na mojawapo ilikuwa Benki ya Wananchi Njombe. Bima ya amana, ile inayowalipa wenye akaunti benki ikifungwa, wakati ule ilifidia hadi shilingi milioni 1.5 kwa mteja. Aliyekuwa na zaidi ya hapo, kilichozidi kilingoja ufilisi, yaani mali za benki ziuzwe kwanza. Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa kuwa shilingi milioni 7.5, na wanaoichangia ni benki zenyewe, wewe hukatwi. Akiba yako ikikaribia kiasi hicho, gawanya, nyingine iweke benki ya pili. SACCOS ya watumishi, chama chao cha kuweka na kukopa, jiunge, mikopo yao ina nafuu, ila ujue bima hiyo haifiki huko. Usiweke hela yako yote.

Halafu mkopo. Mshahara wa kwanza ukiingia tu watakujia na fomu, wakikuita dada kwa sauti tamu. Sheria inataka ubakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Theluthi hiyo, ukilipa kodi ya nyumba na mkaa wa baridi ya Njombe, inabaki nini? Hapo ndipo watu wanapokimbilia kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Nakuomba mwaka wa kwanza usikope kabisa. Ukikwama, nipigie mimi kwanza, hata usiku.

Jumamosi asubuhi naleta mbao Njombe. Beba namba ya NIDA, barua ya ajira na picha ndogo mbili. Tutaingia matawi mawili pamoja kabla hawajafunga, wewe uulize maswali, mimi nitakaa pembeni nisikilize wanavyokujibu.

Mama yako
Makambako